Fuata Mfuko wa Barua: Kutafuta Makazi Yaliyosahaulika kwa Kumbukumbu za Posta

Ukikuta jina la posta ambalo halimo kwenye ramani ya leo, usianze kwa kutafuta kijiji chenye jina hilo. Anza kwa kutafuta njia iliyopitisha mfuko wa barua. Afrika Mashariki posta haikufunguliwa tu palipokuwa na watu wengi. Ilifunguliwa pale ambapo treni, lori, mashua au tarishi wa miguu aliweza kufika kwa ratiba, na palipokuwa na mtu anayejua kusoma na mwenye kabati la kufunga kwa ufunguo. Mara nyingi hapo palikuwa stesheni, misheni, duka, boma au ofisi ya shamba la mkonge. Wenye barua walikaa mwendo wa saa moja kutoka hapo, pengine wa siku nzima. Watafutaji wengi hupotea kwenye hatua hii ya kwanza: wanapata jina, wanapata kijiji kinachofanana nalo, wanaridhika, kumbe wako mbali kabisa na pale palipokusudiwa.

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara na Kenya. Unaanzia mwaka 1890, Wajerumani walipofungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo na Waingereza walipofungua zao Mombasa na Lamu, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Zanzibar ina historia yake ya posta, iliyoanzia kwenye posta ya India, na nyaraka zake ziko Kilimani. Inahitaji mwongozo wake peke yake.

Ni posta ya aina gani?

Neno "posta" kwenye orodha za zamani lilibeba vitu vinne tofauti, na kila kimoja kinaeleza jambo lingine kuhusu watu waliokuwa jirani.

Posta kamili ilikuwa na watumishi wa idara. Iliuza stempu, ilipokea barua za rejista, ilitoa hawala za fedha, na mara nyingi ilikuwa na telegramu. Palipokuwa na posta kamili, jua palikuwa na utawala au biashara kubwa, na nyaraka zake ni nyingi. Ukiona posta ya namna hiyo imefungwa, kuna jambo zito lililotokea: reli imepita kwingine, makao ya wilaya yamehamishwa, au mgodi umekufa.

Posta ya wakala iliendeshwa na mtu mwenye kazi nyingine, kwa kawaida mwenye duka, mmisheni, mwalimu au meneja wa shamba. Hii ndiyo yenye faida kubwa kwa mtafutaji, maana ndiyo iliyofika ndani vijijini. Lakini ndiyo inayodanganya zaidi. Wakala akifariki, akihama au akiuza duka, posta hufungwa hata kama kijiji kimejaa watu. Akipatikana wakala mwingine upande wa pili wa mto, hufunguliwa tena kwa jina lilelile, kilomita nane kutoka pale pa kwanza.

Posta ya stesheni ilishikwa na stesheni masta na kubeba jina la stesheni. Jina la stesheni lilichaguliwa na watu wa reli, ambao waliokota jina la mto, kilima au mtu aliyekuwa karibu siku waliyopima njia. Usilitumie kama jina la wenyeji mpaka uwe na ushahidi mwingine.

Ya nne ni mfuko wa kufungwa wa mteja mmoja, uliopakiwa kwa ajili ya misheni, shule au shamba na kushushwa njiani bila ofisi yoyote. Mahali kama hapa hapana muhuri wala tangazo la kufunguliwa. Patajulikana kwa anwani tu.

Kadi moja kwa kila andiko

Kabla ya kutafuta zaidi, tengeneza utaratibu wa kuandika. Kadi ya karatasi inatosha, jedwali la kompyuta ni bora. Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kutengeneza kadi moja kwa kila mahali, kisha kuweka humo kila kitu. Tengeneza kadi moja kwa kila andiko la jina. Ukikuta "Kissaki" kwenye nyaraka za 1899 na "Kisaki" kwenye za 1934, hizo ni kadi mbili mpaka uthibitishe ni mahali pamoja.

Kila kadi iwe na jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Tarehe ya waraka. Aina ya posta kama imetajwa. Wilaya kama ilivyoitwa wakati huo. Jina la ofisi mama iliyotuma na kupokea mfuko. Chombo cha usafiri na siku za wiki. Ukurasa na namba ya jalada. Na mwisho, kiwango cha uhakika. Kwa uhakika tumia ngazi tatu tu: "limetajwa", "limekadiriwa kwenye ramani", "limethibitishwa uwanjani". Ngazi zikizidi hapo, baada ya mwezi hutakumbuka tofauti ya ya tatu na ya nne.

Ofisi mama ndiyo safu yenye thamani kuliko zote. Jina huweza kubadilika na wakala huweza kuhama, lakini ofisi mama inakuambia mfuko ulitoka upande gani.

Gazeti la Serikali

Anzia hapa kwa kipindi cha Waingereza. Gazeti rasmi la himaya za Afrika Mashariki na Uganda lilianza mwaka 1899, na la Kenya ni mwendelezo wake. Tanganyika ilipata lake baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Matoleo mengi yamepigwa picha na yanasomeka bure kwenye tovuti ya Gazettes.Africa na kwenye Google Books.

Gazeti liliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa maneno ya Kiingereza: "Postal Agency", "Postmaster General", "conveyance of mails", "mail route". Usitegemee jina la mahali peke yake. Maandishi haya yalisomwa na mashine kutoka kwenye karatasi zilizofifia, na mashine huchanganya "rn" na "m", "h" na "b", "l" na "1". Jina kama Mwarnba linaweza kuwa Mwamba. Andika nusu ya jina, mwanzo kisha mwisho, kila nusu kwa zamu. Ikishindikana, tafuta jina la duka au la kampuni ya shamba. Hayo huchapishwa kwenye orodha za leseni na za wapiga kura pamoja na anwani ya posta.

Kuna mtego wa mipaka. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, Kisumu, Naivasha na Eldama Ravine zilikuwa upande wa Uganda. Barua za kiserikali kuhusu posta za huko kabla ya siku hiyo zimo kwenye majalada ya Uganda. Na hadi 1905 himaya hizo zilisimamiwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, ndipo zikahamia wizara ya makoloni. Katika hifadhi ya taifa ya Uingereza kule Kew, hiyo ni tofauti ya kuomba fungu la FO 2 (la mambo ya nje) au kuomba ya makoloni, CO 533 kwa Kenya na CO 536 kwa Uganda. Tanganyika iko CO 691.

Baada ya tarehe 1 Januari 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa pamoja. Kwa hiyo usishangae kukuta habari ya posta ndogo ya Singida ndani ya jalada la Nairobi. Ukikwama Dar es Salaam kwa miaka ya 1933 hadi 1977, tafuta Nairobi kabla ya kukata tamaa.

Tahajia ya Kijerumani

Nyaraka za Wajerumani zinasomeka kirahisi ukishajua walivyosikia majina yetu. Yafanyie mabadiliko haya kabla ya kutafuta kwenye ramani ya leo:

sch husomwa sh: Aruscha ni Arusha, Schirati ni Shirati
u mbele ya irabu huwa w: Muansa ni Mwanza, Mpapua ni Mpwapwa
ss ni s moja: Kilossa ni Kilosa
dj au dsch ni j: Udjidji ni Ujiji
tsch ni ch
j peke yake ni y

Mabadiliko hayo hayafanyi kazi kwa majina waliyoyatunga wenyewe, na hapo lazima uwe na orodha. Wilhelmstal ni Lushoto. Bismarckburg ni Kasanga. Sphinxhafen ni Liuli, Wiedhafen ni Manda. Langenburg ndiyo inayowachanganya wengi: ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, pale Lumbila, kisha makao yakahamia milimani, na Neu-Langenburg ikawa Tukuyu ya leo. Barua ya miaka ya 1890 yenye jina Langenburg haikuandikwa Tukuyu.

Kenya nayo ina yake. Limoru ni Limuru. Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, Broderick Falls ni Webuye, Hoey's Bridge ni Moi's Bridge, Port Florence ni Kisumu. Eldoret ilianza kama posta kwenye shamba namba 64 mwaka 1910, na jina la Eldoret likaja mwaka 1912. Wenyeji waliendelea kuiita Sisibo, yaani namba ileile ikitamkwa kwa ulimi wao. Jifunze kutokana na hilo: jina wanalolitumia wazee linaweza kuwa limehifadhi namba ya shamba, jina la meneja au la lori, hata pale ambapo nyaraka zimelibadilisha mara mbili.

Kwa majina mengine, hifadhidata ya majina ya kijiografia ya serikali ya Marekani, iitwayo GEOnet Names Server, huweka tahajia kadhaa za mahali pamoja. Ni msaada mkubwa. Ila ina majina yaliyonakiliwa kutoka ramani za zamani bila kukaguliwa uwanjani, kwa hiyo kadi yake ibaki kwenye ngazi ya "limetajwa".

Reli ilipopita, posta ilifuata

Weka tarehe za reli ukutani mbele yako. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Reli ya kati ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Linganisha miaka hiyo na miaka ya kufunguliwa na kufungwa kwa posta za jirani, na majibu mengi yatajitokeza yenyewe.

Moshi ya kwanza ilikuwa mlimani, pale panapoitwa Old Moshi hadi leo. Stesheni ilijengwa tambarare na mji ukahamia huko pamoja na jina. Kilimatinde ilikuwa kituo cha njia ya misafara. Reli ikapita chini yake, Saranda ikawa stesheni. Mpwapwa ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara, lakini treni ilisimama Gulwe. Palipo na jozi ya namna hii, mji wa juu na stesheni ya chini, kulikuwa na watu waliobeba mfuko kati ya pande hizo mbili, na njia yao ya miguu ilipita kwenye vitongoji ambavyo havikuwahi kuandikwa popote. Huko ndiko kwa kutafuta.

Vivyo hivyo kwa mali iliyochimbwa au kulimwa kwa muda mfupi. Dhahabu ya Lupa ilikusanya watu Chunya katika miaka ya 1930, na ya Kakamega mwanzoni mwa muongo huohuo. Mpango wa karanga ulianza 1947 pale Kongwa, ukaenea Urambo na Nachingwea, ukafutwa 1951. Ukiona posta iliyofunguliwa na kufungwa ndani ya miaka mitano au sita katika maeneo hayo, tafuta kwanza kambi ya wafanyakazi. Na wafanyakazi walitoka mbali. Manamba wa mashamba ya mkonge walituma hawala kwao, na rejista ya hawala, ikiwa imesalia, inaunganisha kambi iliyokufa Tanga na kijiji kilicho hai Songea au Kigoma.

Bahasha

Bahasha iliyopita posta ni ushahidi ambao hakuna karani aliyeukusudia. Wakusanyaji wa stempu wamehifadhi maelfu. Picha zake ziko kwenye katalogi za minada na kwenye kazi za wapenzi wa stempu kama East Africa Study Circle. Huhitaji kuinunua. Unahitaji picha safi ya mbele na ya nyuma, na watu wengi hupiga mbele tu. Omba nyuma.

Mbele utasoma muhuri wa posta ilikotoka: jina, siku, mwezi, mwaka. Kama ni barua ya rejista kutakuwa na lebo yenye herufi R, jina la ofisi na namba. Posta kubwa zilikuwa na lebo zilizochapwa jina. Wakala mdogo alipewa lebo tupu akaandika jina kwa mkono au kugonga kwa mhuri wa mpira, na mwandiko huo unakuonyesha jinsi mtu wa palepale alivyolitamka jina. Tahajia hiyo ina uzito kuliko ya kwenye orodha iliyochapwa mjini.

Nyuma ndiko kuna njia. Barua ya rejista hasa iligongwa mihuri kwenye ofisi ilizopitia. Tuseme una bahasha kutoka posta ya wakala usiyoijua, imegongwa tarehe 3 Machi, na nyuma ina muhuri wa Iringa wa tarehe 7. Hiyo ni siku nne. Tarishi mwenye mzigo hutembea kati ya kilomita 25 na 30 kwa siku, kwa hiyo posta hiyo haikuwa zaidi ya kilomita 120 kutoka Iringa. Angalia neno "zaidi". Barua ingeweza kukaa siku mbili kabatini ikingoja siku ya mfuko. Sasa tafuta bahasha ya pili, ya tatu, na zile zilizokwenda upande wa pili. Ukipata moja iliyogongwa Iringa tarehe 10 na kufika kwa wakala tarehe 12, umbali hauzidi kilomita 60. Muda mfupi kuliko yote ndio wa kuufuata. Mirefu mingine ni kungoja, mvua na mito iliyofurika. Usichukue wastani. Wastani utakupeleka mahali ambapo hapakuwahi kuwa na posta.

Kabla ya hesabu hiyo hakikisha chombo kilikuwa nini. Lori la miaka ya 1930 huharibu kila kitu ukilipigia hesabu ya miguu. Na angalia kama muhuri ni wa treni au wa meli: barua iliyotumbukizwa ndani ya treni ilipata muhuri wa treni, kwa hiyo mwandishi angeweza kuwa popote kandokando ya reli.

Kuna pengo la kukumbuka upande wa Tanganyika. Posta ya Wajerumani ilisambaratika kati ya 1914 na 1916 vita vilipoenea, na iliyofuata ilikuwa ya jeshi kabla ya kuwa ya raia. Posta iliyoonekana 1913 na ikaonekana tena 1922 haikuwa lazima pale pale, hata kama jina ni lilelile.

Ramani

Kwa Tanzania tumia ramani za 1:50,000 za mfululizo wa Y742, kwa Kenya Y731. Kwa kipindi cha Wajerumani tumia ramani ya 1:300,000 ya Sprigade na Moisel, ambayo imewekwa mtandaoni na maktaba kadhaa. Kwenye 1:50,000, sentimita moja ni mita 500. Kwenye 1:300,000, milimita moja ni mita 300, kwa hiyo upana wa herufi ya jina unaweza kufunika bonde zima.

Ukizilaza ramani hizi juu ya picha ya setilaiti kwa programu ya QGIS, mambo mawili huharibika. La kwanza ni mfumo wa vipimo. Ramani za Y742 na Y731 zilipimwa kwa Arc 1960, simu yako inapima kwa WGS 84, na tofauti ni kama mita 300. Mita 300 zinatosha kukupitisha upande wa pili wa mto. Kusini mwa ikweta chagua kwenye programu msimbo wa Arc 1960, EPSG:21036 au 21037 kulingana na kanda, na uiache programu ibadilishe yenyewe. La pili ni alama za kushikiza. Usishikize ramani ya zamani kwa barabara wala kwa miji, maana hivyo vimehama. Shikiza kwa makutano ya mito, vilele vya miamba na rasi za ziwa, angalau alama sita zilizotawanyika hadi pembeni mwa ramani. Makutano ya mito ya mchangani nayo huhama, kwa hiyo chagua yaliyo kwenye mawe.

Baada ya hapo chora duara la umbali ulioupata kwenye bahasha, kisha lisahau duara lenyewe na ufuate njia za miguu zilizomo ndani yake. Weka alama kwenye kila mahali njia inapovuka mto wa kudumu, inapokutana na njia nyingine, au inapofika penye maji wakati wa kiangazi. Kwa kawaida utabaki na sehemu tatu hadi tano za kwenda kuziona.

Majalada

Nyaraka za posta yenyewe ni chache kuliko unavyotarajia. Rejista nyingi ziliteketezwa baada ya muda wake kwa mujibu wa kanuni. Habari za posta ndogo ziko zaidi kwenye majalada ya wilaya, kwa kuwa mkuu wa wilaya ndiye aliyepokea malalamiko mfuko ulipochelewa. Nairobi, katika jengo la hifadhi ya taifa lililo Moi Avenue, omba majalada yenye vichwa vya DC (mkuu wa wilaya) na PC (mkuu wa jimbo) ya wilaya na jimbo husika: ripoti za mwaka, ripoti za makabidhiano, na majalada ya vituo vya biashara. Dar es Salaam, Upanga, omba vitabu vya wilaya na majalada ya wilaya. Ya Wajerumani yana namba zinazoanza na G. Hati nyingine za Wajerumani ziko Berlin kwenye fungu R 1001, na sehemu kubwa inasomeka mtandaoni. Utahitaji mtu anayesoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani; wanaojua Kijerumani cha leo tu hukwama.

Nchi zote mbili hufungua nyaraka baada ya miaka 30. Beba penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi, na uliza kuhusu ada na kupiga picha kabla ya kutoa simu mfukoni. Kwenye jalada la vituo vya biashara tafuta mchoro wa viwanja: duka lililokuwa na posta huandikwa mara nyingi, na mchoro una vipimo kutoka barabarani.

Uwanjani

Pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji, au kwa chifu ukiwa Kenya, ueleze unatafuta nini. Usipofanya hivyo, mtu anayeuliza habari za viwanja vya zamani na makaburi atadhaniwa anataka ardhi au hazina ya Wajerumani, na utapata majibu ya kukufukuza.

Ukikaa na mzee, baada ya shikamoo, usiulize "posta ilikuwa wapi". Wengi watakuelekeza mjini, kwenye jengo la leo. Uliza: barua zilichukuliwa kwa nani? Nani aliwasomea wasiojua kusoma? Lori lilisimama wapi, na mvua ikinyesha lilisimama wapi? Watoto waliokwenda shule ya bweni walipanda gari wapi? Hawala ikija ililipwa wapi? Majibu ya maswali haya hutaja duka, mti, kivuko, na majina ya vitongoji ambayo hayamo kwenye orodha yoyote. Saa ukizisikia ziandike kama zilivyotamkwa, kisha uzilinganishe na ratiba ya Kiingereza: saa nne ya mzee ni saa kumi ya karani.

Ardhini tafuta miembe mikubwa iliyopangwa mstari, kisima kilichojengewa, makaburi yenye saruji, sakafu ya duka yenye ngazi mbili za mbele. Duka likiwa bado limesimama, kagua ukuta wa mbele. Penginepo kuna tundu jembamba lililozibwa, la kutumbukizia barua. Piga picha ukiweka rula au kalamu pembeni, na uandike latitudo na longitudo kwa tarakimu tano baada ya nukta.

Yanayopotosha

Kufungwa kwa posta si kuondoka kwa watu, na kufunguliwa kwake si kuanza kwa kijiji. Mengi ya makazi haya yalikuwapo miaka mia kabla ya stempu ya kwanza. Andika "lilitajwa mara ya kwanza na posta mwaka fulani", usiandike "lilianzishwa".

Tanzania, Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilihamisha watu kwa wingi kutoka kwenye mashamba yao ya asili na kuwaweka kando ya barabara, na sheria ya 1975 ikasajili vijiji vipya. Wengine walilibeba jina la zamani, wengine wakapewa jipya: Azimio, Mapinduzi, Umoja, Mwenge. Kwa hiyo jina la zamani unaweza kulikuta kilomita kumi na mbili kutoka mahali pake, na mahali pake pasiwe na mtu. Kilichobaki na jina palepale mara nyingi ni mto, mlima au josho. Tanganyika ya kabla ya hapo nayo ilihamisha watu kwa sababu ya malale, na Kenya ya kati iliwakusanya watu vijijini kwa nguvu katika miaka ya 1954 na 1955 wakati wa hali ya hatari. Ukifanya kazi katika maeneo haya, tengeneza kadi mbili kwa makusudi: moja ya mahali, moja ya watu, na uzifuate kila moja kivyake.

Namba za masanduku ya posta zilipangwa upya mara kwa mara. S.L.P. 12 ya mwaka 1938 na S.L.P. 12 ya 1968 zinaweza kuwa za watu wasiojuana.

Na kumbukumbu hizi zina ukimya mkubwa. Zilihifadhi wenye mishahara, misheni, maduka, walowezi na makarani. Mama aliyelima bonde lilelile miaka hamsini bila kutuma barua hamo. Ndiyo maana kadi ya "limethibitishwa uwanjani" isijazwe bila sauti ya watu wa pale, wanawake wakiwemo, kwani wao ndio hukumbuka maji yalichotwa wapi, na palipochotwa maji ndipo palipokuwa na nyumba.

Ukimaliza, andika ukurasa mmoja kwa kila mahali: majina yote kwa tahajia zake, miaka, ofisi mama, njia, vipimo vya GPS, na ngazi ya uhakika. Majina ya mawakala walio na watoto au wajukuu hai yaache nje mpaka familia ikubali. Peleka nakala kwa mtendaji wa kijiji, nyingine kwenye shule ya msingi iliyo karibu, nyingine kwenye hifadhi uliyoitumia. Chini kabisa acha nafasi ya mistari mitano tupu, na uwaeleze wazee ni ya nini: hapo watasahihisha.